Mahindi Mabichi na Onyo Lililopuuzwa

Hapa Moi's Bridge, mkulima akileta ghalani mahindi yenye unyevu uliozidi asilimia 13.5, hurudishwa akayaanike upya. Hununa, lakini mahindi mabichi huota ukungu.

Nami niliwahi kurudishwa hivyo. Nilikuwa na programu ya kujumlisha alama za wanafunzi, niliyoiandika kwa lugha ya C. Kompaila ndiyo inayofasiri maandishi hayo kuwa lugha ya mashine. GCC ya zamani iliyapokea kwa onyo tu; toleo la 14, la mwaka 2024, liliyakataa. Kosa langu lilikuwa kuita sehemu ya programu bila kuitangaza kwanza, desturi iliyoondolewa katika kanuni za C tangu mwaka 1999.

Ripoti zilitakiwa Ijumaa. Nilirudia toleo la zamani, nikakesha nikikagua kila jumla kwa mkono. Zote zilikuwa sahihi. Je, nibaki nalo?

La. Nilitambua kwamba nilikuwa nimesalimika kwa bahati, na alama za mtoto hazipasi kutegemea bahati ya mwalimu wake. Likizo ilipofika nilisahihisha programu, nikalipokea toleo jipya.