Lango Lisilouliza Jina: Safari ya Dubai

Dubai ni mji uliolelewa na maji. Hori la bahari limeingia katikati yake, likaacha Deira upande mmoja na Bur Dubai upande wa pili. Na katika mahori kama hilo ndimo walimotweka zamani manahodha wa Ghuba waliofuata upepo wa kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, wakarejea na kusi wakiwa na boriti za mikoko za kujengea nyumba zao. Mgeni atokaye pwani yetu hutazamia kuyaona majahazi, naye huyaona kweli, yamefungwa gatini safu kwa safu, na mizigo imerundikwa kando ya njia. Abiria wa kawaida huvuka hori kwa abra, mashua ya mbao isiyo na kuta, ambayo nauli yake kwa miaka mingi imekuwa dirhamu 1. Fedha hutoka mkono huu ikaingia mkono ule, na wenye mikono wote wawili wanajua kilichopita baina yao.

Naitaja dirhamu hiyo kwa makusudi. Juu ya hori hilo hilo yako madaraja, na la kwanza, Daraja la Al Maktoum, lilifunguliwa mwaka 1963. Avukaye kwa gari hii leo hulipa vile vile, lakini hamwoni anayemlipa. Hakuna kibanda, hakuna kizuizi, wala hakuna mtu wa kunyoosha mkono. Juu ya barabara limesimama lango la chuma. Gari hupita chini yake kwa mwendo wake ule ule, na fedha imekwisha kutoka. Mpango huu waitwa Salik, neno la Kiarabu lenye maana ya njia iliyo wazi. Ulianza tarehe 1 Julai 2007 kwa malango mawili, na tangu Novemba 2024 yamekuwa 10. Kwa miaka mingi ushuru ulikuwa dirhamu 4. Tangu tarehe 31 Januari 2025 ni dirhamu 6 katika saa za msongamano wa asubuhi na jioni, 4 katika saa nyingine, na bure kuanzia saa saba ya usiku hadi saa kumi na mbili ya alfajiri.

Siri ya lango imo katika kibandiko kidogo kilichogandishwa katika kioo cha mbele cha gari. Ndani yake mna chipu ndogo kuliko punje ya mtama, na utepe mwembamba wa chuma ambao ndio antena. Betri haimo. Lango hurusha mawimbi ya redio. Antena huyapokea, na nguvu ile ile ya mawimbi huiamsha chipu, nayo hujibu kwa kuyarudisha mawimbi yakiwa yamechukua nambari yake. Ni mfano wa kioo kirudishacho mwanga wa jua, ila kioo hiki hurudisha mwanga pamoja na jina lake. Wala jambo hili si la jana: Harry Stockman aliliandikia makala mwaka 1948, na Mario Cardullo alipewa hataza ya chombo cha namna hiyo huko Marekani mwaka 1973, na miongoni mwa kazi alizokikusudia ni hii ya ushuru wa barabara.

Katika treni za mji, zilizoanza tarehe 9 Septemba 2009, abiria hulipa kwa kadi yenye chipu ya ukoo huo huo. Yaitwa Nol. Nilipoelezwa maana yake nilicheka, kwani ni neno letu: ndilo nauli, tulilolipokea kwa Waarabu zamani. Na kwa hakika kadi hiyo ina adabu kuliko lango, maana haisomwi mpaka mwenyewe aikaribishe, na kiwambo humwonyesha papo hapo kilichokatwa na kilichobaki.

Adabu hiyo niliikosa katika gari nililolikodi. Siku ya kulirudisha niliandikiwa malango kumi na moja, na juu ya kila lango ofisi ile, ambayo jina lake silitaji, ilikuwa imeongeza kitu chake yenyewe. Nibishe kwa hesabu gani? Hesabu ilikuwa kwao. Kwangu palikuwa na barabara tu. Mtu akivuka kwa abra mara kumi na moja, mfuko wake ni shahidi. Tena asidhani mtu kwamba dawa ni kukibandua kibandiko, kwani malango yana kamera zisomazo nambari za magari. Na huko Abu Dhabi, ambako ushuru wa barabara ulianza tarehe 2 Januari 2021, kamera peke yake yatosha.

Abu Dhabi nilipelekwa na mwenyeji wangu, mzee aliyezaliwa Unguja na kuishi Deira zaidi ya nusu ya umri wake. Alitaka nione hospitali ya vipanga, iliyofunguliwa mwaka 1999, nami sijapata kuona baraza la wagonjwa lenye utulivu kama ule. Vipanga wa kuwindia wamekaa safu moja juu ya vijiti vyao, wamevishwa kofia za ngozi zinazowafumba macho, wakingojea zamu kwa subira ambayo wanadamu hatuna. Ndani ya nyama ya kifua mna chipu iliyofungwa katika kichupa chenye ukubwa wa punje ya mchele. Mganga hupitisha kisomeo karibu na kifua, nambari ikatokea, ikalinganishwa na ile ya pete ya mguuni na ile ya pasipoti. Naam, pasipoti! Tangu mwaka 2002 vipanga wa Falme za Kiarabu husafiri kwa pasipoti zao wenyewe, na katika eropleni huweza kukaa pamoja na abiria. Sababu yake si mchezo. Vipanga wa mwituni huibwa na kuuzwa kwa siri kwa bei kubwa. Pete hukatwa kwa koleo, lakini kilicho ndani ya nyama hakikatwi kwa urahisi.

Wako pia wanaorudishwa mwituni. Mpango wa Sheikh Zayed, ulioanza mwaka 1995, umekwisha kuwaachilia zaidi ya vipanga 2,000, nao huenda na chipu zao. Chipu hiyo haimfuati ndege wala haitangazi alipo, kwani sauti yake haifiki mbali. Itasema siku atakapokamatwa tena na kusogezewa kisomeo, na siku hiyo isipofika itanyamaza milele.

Msomaji asidhani kuwa haya ni ya ng'ambo tu. Pasipoti mpya za Kenya tangu mwaka 2017, na za Tanzania tangu 2018, zina chipu ya namna hii ndani yake, nayo imefundishwa kunyamaza. Mashine sharti kwanza iusome ukurasa wenye picha, kwani maandishi ya chini ya ukurasa huo ndiyo ufunguo. Pasipoti iliyofungwa mfukoni haitoi habari za mwenyewe kwa kila aombaye.

Kibandiko cha gari hakikufundishwa hivyo. Mwenyeji wangu ana mtoto wa kiume, mtu mzima mwenye kazi yake, lakini akaunti ya gari la kijana ilikuwa kwa jina la baba. Katika simu ya mzee huonekana kila lango, siku na saa.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, basi waweza kujua alikuwa wapi jana usiku?"

"Naweza, mwanangu," akasema. "Mara moja mama yake alinitaka nitazame, kijana alipochelewa. Nikatazama. Alivuka Garhoud saa tano na robo, akarudi saa saba kasoro dakika kumi. Nikajua alipovuka, nisijue alikokwenda. Yaliyobaki nikayajaza mwenyewe usiku kucha, na niliyoyajaza hayakuwa mema."

Asubuhi kijana alimweleza babake kabla hajaulizwa: alikuwa amekaa na rafiki aliyefiwa.

"Nilishindwa kumtazama usoni," mzee akasema. "Dhana mbaya tumekatazwa, na kupelelezana tumekatazwa. Nami nilifanya yote mawili kwa kidole kimoja."

Jioni niliyokuwa nafunga mizigo yangu, niliwakuta baba na mwana wameketi, simu iko baina yao, wakijaza ombi la kuihamisha akaunti kwa jina la kijana. Dirhamu, mzee alisema, ataendelea kuzitoa yeye.