Yuko, Yupo, Yumo

Kiswahili kinapoulizwa mtu alipo, hakitosheki na jibu moja. Yuko: yu mahali fulani, hata kama hatupajui barabara. Yupo: yu hapa, mahali mahususi. Yumo: yu ndani. Mimi huvifundisha viambishi hivi kila mwaka, na kila mwaka swali lile lile hunirudia, nalo si la sarufi: ni wangapi kati yetu wamo miilini mwao?

Swali hilo si la faragha kama linavyosikika. Sote tunalijua koti linaloning'inia kitini katika ofisi ya umma tangu asubuhi. Koti lipo, mwenye koti hayupo. Kichekesho hicho ni cha zamani. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni afisa aliyemo ndani ya koti lake, huku mzee aliyesafiri usiku kucha kutafuta hati akimsemesha dirishani bila ya kuonekana. Afisa huyo ametia saini ya mahudhurio. Huwezi kumshtaki kwa utoro.

Baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kuupinga Mswada wa Fedha hapa Nairobi, mwanafunzi wangu mmoja alihamia kiti cha karibu na mlango. Kila pikipiki iliporindima nje, mabega yake yalipanda hadi masikioni. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, ninakusikia, lakini mwili wangu bado uko barabarani." Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya kiwewe. Tukio limekwisha katika kalenda, ila moyo, misuli na tumbo havijapelekewa habari.

Ndiyo maana tiba ya maneno matupu mara nyingi huishia mlangoni. Mwaka 2014 daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa sugu. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki kwa wiki 10. Jingine lilipewa elimu ya afya ya wanawake. Mwishoni, 16 kati ya 31 waliopimwa katika kundi la yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo. Katika kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Ni utafiti mdogo, na sitaki kuubebesha mzigo usio wake. Kinachonivutia ni namna darasa lenyewe linavyoendeshwa. Katika mtindo huu, uliojengwa na David Emerson, mwalimu hamgusi mtu ili kumsahihisha, wala haamrishi. Husema: ukipenda, inua mkono, ukipenda, uache. Sikiliza nyayo zako sakafuni. Aliyewahi kuburutwa, kupigwa au kuamriwa alale chini atatambua mara moja uzito wa jambo hili. Kuamua mwenyewe ni lini mkono wako ushuke ni mamlaka, hata kama ni mamlaka ya sekunde tatu.

Mimi mwenyewe huhudhuria darasa la namna hii Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wenye madirisha mabovu, magoti yangu yakilia kama bawaba. Wanaodhani kuwamo mwilini ni kustarehe hawajajaribu. Dakika za kwanza hukutana na vile nilivyovikimbia wiki nzima: kiuno kinachouma, hasira ya barua fulani, usingizi nisioulipa. Utulivu ukija, huja baadaye, na si kila Jumamosi.

Nayajua mashaka ya wasomaji wangu. Wako wanaoihofia yoga kwa sababu ya dini, na hofu hiyo nisiibeze, kwani imetoka katika mapokeo ya Kihindi ambamo mikao ya mwili ni kiungo kimoja tu kati ya vinane. Asiyeitaka asilazimishwe, bibi zetu waliomkanda mzazi kwa maji ya moto, siku baada ya siku, nao walijua kwamba mtu hurudishwa mwilini kwa njia ya mwili.

Mashaka ya wanaharakati ni mazito zaidi. Wanasema haya ni mafunzo ya kuvumilia, na mara nyingine wanasema kweli. Mfanyakazi ambaye mshahara wake umechelewa miezi miwili hahitaji semina ya kupumua, anahitaji mshahara. Mwajiri anayempa la kwanza badala ya la pili anauza usingizi. Lakini nimeketi pia katika mikutano ya wanaharakati iliyosambaratika kwa sababu kila aliyekuwamo alikuwa bado anapigana na askari wa mwezi uliopita, naye akamwona askari huyo katika uso wa mwenzake. Woga usiotambuliwa hufanya maamuzi kwa niaba yetu, na watawala wanalijua hilo kuliko sisi.

Mwanafunzi wangu sasa huenda kwa mshauri nasaha, na wiki nyingine huja ukumbini. Bado anakaa karibu na mlango. Pikipiki ikirindima, mabega yake bado hupanda. Nimemwona akiyagundua, akashusha la kushoto, kisha la kulia, akaendelea kuandika.