Taa Niliyoifunga kwa Ajili Yangu

Anayeijua barabara ya Makambako kwenda Njombe mwezi Julai haelezwi baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe chake humpenya mwendesha pikipiki kwenye zipu ya koti hadi vidole visiuhisi mkono wa breki. Mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, upepo unakusukuma kwa nguvu mara nne. Mimi nililijua hilo kwa kifua.

Nikanunua kioo cha mbele cha kufunga na kufungua, na taa mbili za spoti.

Kioo nilikitaka kirefu, nijifiche mwili mzima nyuma yake. Fundi akakataa. "Mdogo wangu, kioo hiki hukiangalii ndani, unaangalia juu yake," alisema, akakishusha hadi ukingo wake ukawa usawa wa pua yangu. Usiku wa kwanza wa mvua nilimwelewa: plastiki ilijaa matone na tope, na taa za malori ya mbao zilipoipiga ikawa nyeupe tupu. Juu ya ukingo, barabara ilionekana. Upepo kidogo bado unanigonga kofia. Nimeukubali.

Taa zilikuwa na historia. Mtu mwingine alikwishaniunganishia waya moja kwa moja kwenye swichi ya taa kubwa, na wiki haikuisha swichi ikayeyuka. Fundi huyu alivuta waya toka kwenye betri, akaweka fyuzi, kisha rilei, ili swichi iamuru tu na mzigo upite kwingine. Taa mbili za wati 20 kwenye umeme wa volti 12 zinakula ampia 3 na ushee. Si nyingi, ila kwa swichi ndogo iliyokwisha kubeba mzigo wake zinatosha kuiunguza.

Nilizipenda mno taa hizo. Madereva wakinimulikia, nilidhani wananisalimu.

Jioni moja mdogo wangu aliichukua pikipiki kuja kunipokea. Nilikuwa natembea kwa miguu kando ya lami. Ghafla dunia ikawa mwanga mtupu. Sikuona barabara, sikuona mguu wangu. Nikakanyaga hewa, nikaanguka mtaroni.

"Kaka, mbona umeingia huko?" aliniuliza, na hakuwa na kosa lolote. Zile taa nilizifunga mimi, nikazielekeza mimi, na kwa miezi miwili nilikuwa nikiwafanyia hivyo akina mama wanaotoka shambani na watoto waliochelewa njiani.

Asubuhi tuliielekeza pikipiki ukutani, tukaziinamisha taa hadi mwanga wake ukaangukia chini ya ule wa taa kubwa. Sasa nikiona mtu mbele, nazizima.

Ndugu yangu, ukifunga zako, mpe mtu pikipiki usiku, kisha nenda kasimame barabarani aje akitokea mbele yako.