Fyuzi ya Ampea Mbili

Katika mada ya umeme wengi wenu hukariri kwamba wati ni volti mara ampea, kisha mnafunga daftari. Mtu akiulizwa hesabu hiyo itamsaidia wapi, hujibu, "Kwenye mtihani." Naomba nikuoneshe mahali pengine inapohitajika, tena hapa hapa kwetu Ufipa.

Ukiwatazama bodaboda wa Sumbawanga mjini, utaona simu imefungwa kwenye usukani na waya umeingia chini ya tenki. Simu hiyo ndiyo ramani, ndiyo tochi, ndiyo pochi. GPS yenyewe haili bando, maana simu hupokea tu mawimbi ya setilaiti zilizo juu zaidi ya kilometa 20,000, na ikizipata nne inajua ulipo. Ukiwa umehifadhi ramani mapema, itakuongoza hata pasipo mtandao. Kinacholiwa ni chaji, kwa sababu kioo kinawaka muda wote.

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno ya mpunga, mwanafunzi wetu wa kidato cha nne aliacha kuja shuleni. Tuliambiwa yuko kwa shangazi yake, bonde la Ziwa Rukwa, kwenye kitongoji ambacho hakuna mwalimu aliyekifahamu. Niliombwa nimfuate kwa pikipiki. Kabla ya safari nilikwenda kwa fundi aniwekee chaja. Yeye akataka kuunga waya moja kwa moja kwenye betri.

"Weka na fyuzi, fundi," nikamwambia.

"Ya nini, mwalimu? Simu ni kitu kidogo. Waya ukikazwa vizuri hauna neno."

Kweli simu ni kitu kidogo. Chaja ile ilitoa volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Wati hizo zikitoka kwenye betri ya volti 12, mkondo ni 10 gawanya kwa 12, kama ampea 0.83. Ukiongeza kinachopotea kwa joto ndani ya chaja, unapata karibu ampea 1. Lakini fyuzi huwekwa kwa ajili ya siku ambayo mambo yameharibika. Waya uliochubuka ukigusa chuma cha fremu, ukinzani hukaribia sifuri, na betri ile ile ndogo inaweza kusukuma makumi ya ampea. Waya mwembamba huwa mwekundu kama kaa, tena chini ya tenki la petroli.

Fundi aliposikia petroli alinyamaza, akatafuta fyuzi ya ampea 2, akaiweka karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Naye akaongeza ujuzi wake: chaja ipitie swichi ya ufunguo, ili pikipiki ikizimwa isinyonye betri usiku kucha.

Nilipita Ntendo, nikaanza kuteremka kuelekea Muze. Kwenye mawe, pikipiki hutikisika kila kiungo. Katikati ya mteremko alama ya chaji ikapotea kwenye simu. Nilipofungua kiti nilikuta waya umesuguliwa na fremu hadi shaba inaonekana, na fyuzi imeungua. Hasara yote ilikuwa hiyo. Injini ilikuwa nzima, taa zinawaka. Nikaviringisha utepe kwenye waya, nikaweka fyuzi ya akiba, nikaendelea kufuata ramani.

Nilimkuta kijana akipura mpunga. Shangazi yake alinikaribisha vizuri, kisha akauliza swali ambalo halina kanuni ya kulijibu: "Mwalimu, huyu akiondoka, nani atanimalizia kazi hii?" Sikuwa na jibu zaidi ya mikono yangu. Kesho yake tulipura sote watatu hadi saa saba mchana, ndipo akamruhusu. Kijana alipanda nyuma ya pikipiki, daftari zake zikiwa ndani ya kiroba. Novemba alifanya mtihani pamoja na wenzake.

Basi swali la fyuzi likija, usiishie kuandika maana yake. Kokotoa mkondo wa kawaida, chagua fyuzi iliyo juu yake kidogo lakini chini ya uwezo wa waya, kisha eleza ni kipi kitakachoungua kwanza. Anayeweka fyuzi ya ampea 20 kwenye waya mwembamba ameilinda fyuzi; waya utateketea. Anayeweka ya nusu ampea atabaki gizani kila akichaji simu.

Na kama baada ya matokeo utashika usukani wa bodaboda au bisibisi ya ufundi, usiiache hesabu hii kwenye chumba cha mtihani. Abiria wako atakuwa amekaa karibu sana na tenki hilo.