Mlima wa Kupeleka Watoto

Watu wengi wanadhani mkimbizi hachagui, anachaguliwa tu. Anachaguliwa kiwanja, siku ya mgao, hata nchi ya tatu kama jina lake litatoka. Kwa hiyo dada yangu mdogo aliponiomba nimsaidie kuchagua mlima wa kupeleka watoto wake likizo, nililichukua hilo swali kama kazi. Sikulicheka.

Yeye alipelekwa Norwei pamoja na mume wake, na sasa wana watoto watatu. Mwezi wa pili shule za huko zinafunga wiki moja, na familia nyingi zinapanda milimani kuteleza juu ya theluji kwa skii. Wiki ikiisha kila mtoto anarudi darasani na hadithi yake. Wa kwake mwaka uliopita walirudi bila hadithi. Sasa alinitumia picha za milima mitatu kwa WhatsApp, na sauti nyuma yake: "Yaya, mimi nimechoka kuangalia. Wewe ndiye mkubwa, uchague."

Mlima wa kwanza ulikuwa Trysil, kituo kikubwa kuliko vyote vya skii katika nchi ile. Wa pili Hafjell, karibu na Lillehammer, mahali palipofanyika baadhi ya mashindano ya Olimpiki ya 1994. Wa tatu Geilo, mji mdogo ulioko kwenye reli ya kutoka Oslo kwenda Bergen.

Theluji sijawahi kuigusa, lakini safari ya familia naijua. Nikamuuliza maswali tunayouliza hapa Lobule kabla ya kutoka. Mdogo wa mwisho ana miaka mingapi? Minne. Gari mnayo? Hapana. Skii na viatu? Vya kukodi. Kuna mteremko mdogo wa wanaoanza? Uko kote.

Basi nikamwambia: nendeni Geilo. Treni inafika pale pale, hamtaomba gari ya mtu. Ukubwa wa Trysil unamfaa mtu anayejua tayari. Mtoto wa miaka minne, mteremko wa mita mia moja utamtosha siku nzima. Na Olimpiki haimsaidii mtu anayejifunza kusimama.

Akanyamaza. Kiisha akasema jambo lenyewe lililokuwa linamsumbua: "Yaya, hela ya wiki ile ingelipa shule ya batoto bako mwaka mzima. Si ni aibu?"

Wasomaji wa hapa wanajua uzito wa swali hilo. Tangu 2023 chakula kinatolewa kwa makundi, na kundi la tatu halipati kitu. Sisi tuko kundi la pili. Mtoto wangu mkubwa alikuwa na deni la muhula mzima. Ningeweza kusema neno moja tu, "Tuma," naye angetuma, na watoto wake wangekaa nyumbani wiki ile wakiangalia dirisha. Nikamwambia anipe usiku mmoja.

Usiku ule nilimkumbuka Mkenya mmoja, Philip Boit. Alitoka nchi isiyo na skii, akaenda kushindana Nagano mwaka 1998, kilomita kumi, akafika wa mwisho kabisa. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie, Mnorwei. Huyo Dæhlie alimsubiri pale kwenye mstari mpaka akafika, akamkumbatia. Nikafikiri: kumbe watoto wa dada yangu wanaishi katika nchi ya yule aliyesubiri. Wakikua bila kujua theluji, watabaki wageni katika mahali pekee wanapopajua. Mimi nimekuwa mgeni miaka mingi. Sitaki niwalipishe wao ada ya watoto wangu kwa njia hiyo.

Asubuhi nikamjibu: "Si aibu. Nendeni." Lakini dada yangu naye ana akili yake. Alikata siku saba zikawa nne, na tofauti ikafika kwangu kwa simu. Ililipa deni, na kidogo kikabaki.

Hicho kidogo ndicho kilileta maneno nyumbani. Watoto walikuwa wamesikia kila kitu. Wakauliza: "Papa, na sisi mlima wetu ni gani?"

Kijana wangu alitaka Rwenzori, kwa sababu ndiyo yenye theluji. Nusu yake ni ya Congo, akasema, kwa hiyo ni yetu. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Mtawala mdogo wa Abruzzi, kutoka Italia, alikifikia mwaka 1906. Wakati ule barafu ilikuwa juu ya milima sita ya Rwenzori. Miaka mia moja baadaye ilikuwa imebaki juu ya mitatu. "Twende kabla haijaisha," akasema. Hoja nzuri. Lakini kupanda kule ni karibu wiki nzima ya miguu, kuna kulipa hifadhi na waongozaji, na kutoka Koboko mpaka Kasese ni kukata Uganda karibu yote. Tukaifuta.

Ikabaki Wati na Liru. Wazee wa Kilugbara wanasimulia juu ya mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao wana wao walianzisha koo nyingi. Jaki alifia mlima Liru, hapa Koboko. Dribidu alifia Wati, kule Terego. Wanasema Dribidu alifukuzwa kwao, ng'ambo ya Nile, akavuka mto kuja huku. Watoto walipenda sana hiyo. Mkubwa kama yule, naye alikuja mbio!

Mke wangu alitaka Wati. Kwenda Wati ni kupitia Arua na kulala njiani, lakini sababu yake haikuwa safari. Liru iko karibu na mpaka, na kutoka juu yake unaangalia upande wa Congo. "Sitaki Koko aanze tena kulia," akasema. Koko ni mama yangu. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe, akainua kichwa: "Mliniuliza mimi?"

Hatukuwa tumemuuliza. Na kanuni niliyompa dada yangu ilikuwa hiyo hiyo: mlima unachaguliwa na yule mwenye miguu midogo. Kwa dada yangu ni mtoto wa miaka minne. Kwetu ni Koko. Akachagua Liru.

Tulienda mwezi wa kwanza, kabla shule hazijafunguliwa. Nawaambia wengine watakaotaka: mwezi huo ni kiangazi, jua ni kali na nyasi zinachomwa, kwa hiyo ondokeni alfajiri na mbebe maji kuliko mnavyodhani. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea, lakini bebeni vitambulisho. Na kabla ya kupanda, piteni kwa wazee wa pale muwasalimie na kuomba njia. Mlima ule una wenyewe.

Koko alifika kwenye jabali moja, hata nusu si nusu, akakaa. Aliangalia magharibi muda mrefu.

"Kule ndiyo Congo?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona iko karibu hivi?"

Hakuna aliyejibu. Mke wangu alimpa mandazi, akala. Hakulia. Watoto walikuwa wamepata kipande cha jerikeni, wanateleza juu ya jabali laini, wanapiga kelele kwamba hiyo ndiyo skii. Tuliwapiga video, tukamtumia shangazi yao.

Wafanyakazi wa mashirika wakija kwetu na fomu, wanauliza maji, chakula, dawa, shule. Ni maswali ya lazima, na tunashukuru. Lakini bado sijaulizwa ningependa kuwapeleka watoto wangu wapi wakifunga shule. Wakiniuliza, nina jibu. Mwaka kesho ni zamu ya mke wangu, na yeye bado anataka Wati. Katika kikundi chetu cha akiba tunaweka shilingi elfu moja kila wiki kwa ajili hiyo, na Koko ameshasema atakuja mpaka chini, atulindie viatu.