Mbasa wa Kyela: Masika Siendi Ng'o!

Kasheshe lote lilianzia kwenye simu ya mshikaji wangu mmoja anayeuza makava pale Kariakoo. Jamaa hana habari na mpira, hana habari na muziki. Akishafunga kibanda ni kutazama video za watu wanavua samaki. Siku hiyo alikuwa anatazama Wamarekani wamesimama mtoni, maji ya kiuno, majani ya miti yamegeuka rangi ya dhahabu, wanavua trauti. Akanieleza kama mwalimu: kule wanapenda mito iliyo chini ya mabwawa makubwa, kwa sababu maji yanayofunguliwa kutoka chini kabisa ya bwawa yana ubaridi hata kiangazi, na trauti anataka baridi. Safari ya mwezi wa kumi wanaanza kuipanga miezi kabla. Wiki gani, mto gani, ndoana gani.

"Na sisi tupange," akasema. Fimbo ya kuvulia alikuwa ameshanunua, ile yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kaiegemeza nyuma ya mlango wa chumba chake Mbagala, ambako maji pekee ni ya dimbwi la barabarani.

Trauti hapa Afrika Mashariki yupo, ila ni wa kuletwa. Kule Kenya mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Scotland yakawekwa mto Gura, milima ya Aberdare. Sasa mimi mtoto wa Kyela nikahangaike na samaki wa kuletwa wakati kwetu kuna mbasa?

Kwa asiyemjua: mbasa ni samaki wa Ziwa Nyasa, mweupe wa kung'aa kama sarafu mpya, anayefikia kilo tatu hadi nne. Waingereza walimbatiza samoni wa ziwa kwa sababu ya tabia yake ya kupanda mito kwenda kuzaa, ingawa hana undugu wowote na samoni. Ndugu yake hasa ni usipa, huyu huyu mdogo tunayemnunua kwa kisado, na ndiye chakula chake. Ndugu anamla ndugu, utadhani ni mambo ya mirathi! Mvua zikikolea, mbasa anaacha ziwa na kupanda Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, anatafuta sehemu zenye changarawe atage. Vifaranga hukua mtoni kwanza ndipo washuke ziwani.

Basi bwana, tukapatana masela wanne. Kila mmoja atoe laki na nusu, mtunza hazina mimi. Tukapanga Aprili, maana hesabu yetu ilikuwa rahisi: mbasa wanapanda mtoni, wamejaa, wewe unasimama tu ukingoni unachagua. Mtu na akili yake timamu atakwenda lini tena?

Nikampigia baba mdogo. Yeye yuko upande wa Matema, mvuvi tangu ujana, na kwenye ukoo wetu ndiye pekee aliyebaki anayejua kumvua mbasa kwa mshipi. Wengine wote ni nyavu.

"Shikamoo tata."

"Marahaba mwanangu. Umekumbuka leo?"

Nikamwaga mpango wote. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Aprili mnakuja kuvua, au mnakuja kuua wazazi?"

Nisikufiche msomaji, neno lile lilinichoma kwa sababu ya jambo ambalo masela sikuwa nimewaambia. Nikiwa darasa la nne, likizo, nilienda na watu wazima usiku mdomoni mwa mto. Walifunga wavu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mimi nikapewa taa. Alfajiri tulivuta mbasa mpaka mikono ikachubuka, na karibu kila tuliyempasua alikuwa na mayai. Tulikula mayai ya kukaanga siku tatu. Niliona ni sherehe. Hakuna aliyeniambia kwamba nimekula mbasa wa miaka ya mbele, na sasa baba mdogo ananiambia kuna masika anakaa ukingoni wiki nzima bila kumwona hata mmoja. Nyavu za mtindo ule ndizo zilizomaliza samaki. Mashamba nayo yamelimwa mpaka kwenye kingo, udongo unateremka na kufunika zile changarawe.

Nilipowaeleza masela wakaja juu. Eti tukienda mbasa wakiwa ziwani tutavua maji? Mwenye fimbo akaleta hoja nyingine: Tanzania na Malawi zina mpango wa kujenga bwawa mto Songwe, kwa hiyo siku moja na sisi tutakuwa na mto wa chini ya bwawa kama Wamarekani. Nikamwambia, mwanangu, trauti wale wanawekwa pale, ila mbasa anapanda mwenyewe. Kwake ukuta ni ukuta.

Isitoshe Aprili ya Kyela unaijua au unaisikia? Wilaya ile inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ile ndiyo inamwagika yenyewe. Mito inavunja kingo, mashamba ya mpunga na kakao yanaogelea, mbu wanakupokea stendi. Juni hadi Agosti upepo wa kusini unachafua ziwa, mtumbwi haukai. Kwa hiyo baba mdogo kachagua Oktoba. Mvua bado, ziwa limetulia, mbasa wako nje wanafukuza usipa na tumbo halina mayai. Unatoka kwa mtumbwi kabla ya jua, chambo usipa, unasubiri. Unaweza kupata wawili. Unaweza kurudi na njaa yako.

Wawili wakajitoa papo hapo na kudai laki na nusu zao. Hapo pakawa na kimeo kidogo, maana elfu thelathini ya hazina ilikuwa imeshapita kwenye kodi yangu ya chumba. Nimekopa, nimelipa, tusiongelee tena.

Tumebaki mimi na mwenye fimbo. Mpango ni huu: basi la Dar hadi Kyela, zaidi ya kilomita 900, Alhamisi alfajiri. Ijumaa tunapita Ipinda kwenda Matema, kule Milima ya Livingstone inakoishia majini. Jumamosi asubuhi soko la vyungu pale Lyulilo, akina mama wa Kikisi wanateremsha mali kwa mitumbwi. Mama kanitaka nisirudi bila chungu. Jioni ni mbalaga nyumbani. Jumapili ndiyo ziwani, na mdomoni mwa mto hatukanyagi. Kuna mamba, halafu mimi pale nilishachukua changu.

Mwenye fimbo anauliza kila siku kama kigurudumu chake kitafaa kwenye mtumbwi. Baba mdogo nilipomwelezea kifaa hicho alicheka mpaka akakohoa.

Kicheko kilipoisha ndipo akaniambia kilichofanya niache kubishana juu ya miezi. Macho yake yanakwenda. Mtumbwi anaweza kuuona, wimbi anaweza kulisikia, lakini tundu la ndoana halioni tena. Oktoba hii atanionyesha, ya mwakani hana uhakika. Ndiyo maana mzigo alioagiza ni mdogo: ndoana, mshipi mwembamba usioonekana majini, na miwani ya kuonea karibu. Kufunga ndoana ya kwanza, kasema, hamwachii mtoto wa mjini.

Miwani nimeshanunua.