Kihamba na Bei Yake

Hapa Pasua ardhi ni kiwanja: hupimwa, huuzwa, hujengwa. Juu mlimani ardhi ni kihamba, na kaka yangu anataka fungu lake liuzwe. Mnunuzi wa mjini amependa utulivu na hewa ya huko. Siidharau hoja yake; ana ada za kulipa, kahawa haimlipi, na migomba iliyogawanywa tangu enzi za babu haigawanyiki tena.

Lakini pale wamelala wazee wetu. Pale pia analima dada yetu, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Mila yetu Wachagga iliwatazama mwana wa kwanza na wa mwisho wa kiume; binti hakurithi kihamba. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, huitangua mila imnyimayo mwanamke ardhi. (Wangapi serikalini huisoma?)

Nimemwomba kaka twende kwanza ofisi ya kijiji, jina la dada liingie kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Hajanijibu. Mnunuzi anarudi Jumamosi.